Mguu wa Kushoto

Mguu wangu wa kulia hauna kesi.
Ukiambiwa shikilia raundi elfu tano, unashikilia,
umetulia kama mpambe aliyebeba pete.

Ni huu wa kushoto.
Huu umerithi wazimu wa ukoo,
wa babu aliyempiga punda teke
akavunjika yeye.

Bendera ikishuka, unaruka toka kwenye klachi
kana kwamba umekanyaga kaa,
na Alteza yangu inabaki palepale
ikichoma tairi, ikiandika jina lake kwenye lami,
wakati Ndelilio keshafika daraja la mfereji.
Wiki inayofuata naogopa. Naachia taratibu.
Klachi inateleza, inanuka ugali uliosahauliwa jikoni,
na Ndelilio, tena, daraja la mfereji.
Mara injini inazima kabisa,
na wakata miwa juu ya trela wananipigia makofi.

"Gari ni zima," alisema Kaanaeli, fundi wa Njoro,
akijifuta mikono kwa kilichowahi kuwa fulana ya kampeni.
"Mbovu ni wewe. Na wewe sina spana yako."

Kisha akaniuliza
kama nimewahi kuutazama mlango unaojifunga wenyewe,
ule wa ofisini, wenye mkono wa chuma kule juu.
Unausukuma, unauachia, unakwenda zako;
nao unarudi mbio mbio, halafu, karibu na fremu,
unakumbuka adabu.
"Ndani mna oili," akasema, "na tundu dogo kuliko la sindano.
Oili haipiti haraka
eti kwa sababu wewe una haraka."

Siku nne alilala chini ya usukani, miguu nje,
akiimba besi peke yake.
Akafunga lile bomba nyuma ya pedali,
na skrubu moja ya kupimia:
robo kulia, klachi inachelewa; robo kushoto, inawahi.
Pedali irudi huru mpaka pale pleti zinapoanza kung'atana,
hapo ikutane na oili,
imalizie safari
kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia begani.
"Na mguu wangu?"
"Uruke unavyotaka. Haukuhusu tena."
Bomba sikuuliza kalitoa wapi.

Jumapili, saa kumi na mbili na robo, barabara ya miwa.
Mlinzi wa lango keshapewa soda yake.
Kibo kilikuwa wazi, hakuna aliyekitazama;
tulikuwa tunatazama mstari wa chokaa
mita ishirini mbele, ambako Haikaeli binti wa fundi
alisimama na saa ya mkononi mwa babake.

Bendera.
Mguu ukaruka, kama kawaida yake, mwendawazimu.
Gari halikuruka.
Lilikaa chini nyuma, likashika ardhi, likaenda.
Na mguu wangu ulikuwa bado hewani,
umekunjwa, unatafuta kazi,
kama mgeni aliyenyang'anywa sahani aioshe mwenyeji.

Sisemi nilishinda. Ndelilio ana injini
iliyokula mahari ya dada zake wawili;
alinitangulia kwa urefu wa boneti, mara zote tatu.
Lakini Haikaeli alikuja akakunjua kiganja,
na kwa kalamu ya bluu, iliyoanza kuyeyuka kwa jasho:
mbili nukta mbili.
Mbili nukta mbili.
Mbili nukta mbili.
Nilikisoma kile kiganja kama barua ya posta.
Maisha yangu yote sijawahi kufanya jambo mara tatu
likatoka lilelile.

Tuliwahi ibada ya pili, viatu vina vumbi la miwa.
Mchungaji amefika kwenye neno "subira"
mlango wa ofisi ya usharika ukajibamiza, pa!
Watoto wakashtuka, mzee wa kanisa akadondosha miwani.
Akaingia mtu mwingine. Pa!
Nikageuka kumtafuta Kaanaeli kwenye safu ya besi.
Alikuwa amezama katika kitabu cha nyimbo,
anasoma kwa makini mno,
nacho amekishika juu chini.